Kiko Kilichovuta Tumbaku ya Chini

Baba mkwe wangu alikuwa na viko vinne na mdomo mmoja, na vyote vitano nilivichukia. Nalisema mapema ili msomaji asingoje nimlilie. Alisifiwa vya kutosha siku ya mazishi yake, na hakuna hata mmoja kati ya waliomsifu aliyewahi kumsafishia kiko.

Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko juu ya mji wa Meru, katikati ya mibuni, mahali ambapo ukungu huondoka saa nne asubuhi ukipenda. Yeye alikuwa mkalimani wa mahakama aliyestaafu. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya hakimu na mshtakiwa, kuyachukua maneno ya huyu na kumpelekea yule. Uhuru ulipokuja, mzungu mmoja wa mahakama ile alifunga virago akamwachia viko viwili na mikebe kadhaa ya tumbaku tamu, na kuanzia siku hiyo mzee akajiona amerithi nchi. Viko viwili vingine alijinunulia. Vyote vilikaa kwenye kibao chenye matundu kando ya dirisha la sebule, kila kimoja na tundu lake. Kimoja kikikosekana, alikuwa akiuliza, "Kiko kiko wapi?" kisha anacheka peke yake. Sisi wengine hatukuwa na ruhusa ya kucheka.

Mimi nilitoka chini. Watu wa milimani wanaposema "chini" hawamaanishi mwelekeo tu. Wanamaanisha jua, mbuzi, vumbi jekundu, na watu wanaoaminika kuwa na dawa za kumgeuza mtu akili. Baba yangu alikuwa Mmbeere, mkulima wa tumbaku kwenye nchi kavu ya Embu. Mama alizaliwa Kianjokoma, penye baridi na majani chai, akashuka kuolewa na jua. Nyumbani tulizungumza Kiembu cha mama. Nilisomea ualimu, nikakutana chuoni na kijana wa Kimeru mpole sana, nikadhani upole ni sifa, nikaolewa naye.

Siku ya kwanza niliyomwamkia baba mkwe kwa Kiembu, alimgeukia mkewe akamwambia kwamba hasikii lugha hiyo. Basi mama mkwe akarudia maneno yangu kwa Kimeru. Nilishangaa, maana lugha hizi mbili ni majirani. Mtu mzima wa Meru na mtu mzima wa Embu wanaweza kuuziana mbuzi sokoni bila msaada. Tena mwanamume huyu alikuwa ameajiriwa na serikali miaka mingi kwa sababu ya masikio yake. Lakini nilinyamaza. Desturi inataka mkaza mwana akae mbali na baba mkwe: usimpe mkono, usikalie kiti chake, usikaribie mlango wa chumba chake. Hata kwetu iko hivyo. Nikajiambia kwamba ni heshima tu imezidi kidogo. Haikuwa heshima. Hata nilipojifunza Kimeru nikakisema darasani mbele ya watoto hamsini, yeye aliendelea kuninyoshea midomo na kumwuliza mkewe, "Anasema nini?" Mimi nami nikarudi kwenye Kiembu changu mbele yake, kwa ukaidi. Kama ni kutafsiriwa, nitafsiriwe kitu chenye maana.

Sasa kosa langu, maana nililifanya.

Huko milimani bibi harusi hupimwa kwa matako ya sufuria zake. Mama mkwe alizianika zake kwenye uchanja nje ya jiko, zimesuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka unaona ndani yake kama umelia. Majirani walipita wakitazama. Mwezi wa kwanza nilisugua sufuria, nikasugua birika, nikasugua vijiko, nikasugua hata taa. Jumamosi moja mzee alikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na mama mkwe ameenda soko la Gakoromone kuuza ndizi. Nikaingia sebuleni kufagia, nikaviona viko. Nje viling'aa. Ndani vilikuwa na ukoko mweusi mnene kama wa sufuria iliyoachwa motoni. Nikaona hapa ndipo nitakapojipatia jina jema.

Nilivibeba vyote vinne hadi jikoni. Nikachemsha maji, nikachukua sabuni ya kipande, majivu na gunzi, nikavisugua ndani mpaka nikafika kwenye mti wenyewe. Mrija mmoja niliuvuta kwa nguvu ukalia. Kisha nikavipanga juu ya uchanja, kati ya sufuria, vikaukie juani.

Mzee aliporudi hakupiga kelele. Alikichukua kiko cheusi cha mzungu, akatia kidole ndani, akakinusa, akaketi. Mkewe alikuwa amefika na kikapu chake bado mgongoni.

"Mwambie huyu," alisema, "kwamba huo haukuwa uchafu. Ulikuwa ukoko wangu wa miaka kumi na saba."

Mama mkwe akaniambia, ingawa nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Nikaomba radhi. Radhi ikapelekwa. Ikarudi hukumu: kwa kuwa nimeshavigusa vitu vya kinywa chake, aibu imeshafanyika na haifanyiki mara mbili, kuanzia siku hiyo mimi ndiye nitakayevisafisha, kila Jumamosi, mpaka nijue tofauti ya kiko na sufuria. Mama mkwe alijaribu kusema kwamba haifai mke wa mwana kushika kitu kama hicho. Akaambiwa atafsiri, asitoe maoni.

Hivyo nikajifunza, na kwa kuwa mimi ni mwalimu nakiri kwamba nilifundishwa vizuri. Yeye aliketi upande mmoja wa veranda, mimi upande wa pili, mkewe katikati. Kiko hakifunguliwi kikiwa moto, mrija utapasuka. Majivu hugongwa taratibu kwenye kiganja, si kwenye jiwe. Unyoya wa bawa la kuku hupitishwa kwenye mrija, utoke na ile lami ya kahawia inayonuka kama mtu mgonjwa, kisha unyoya mwingine, mpaka utoke mkavu. Ukoko hukwanguliwa kwa kisu butu, ubaki unene wa shilingi. Ukizidi utaupasua mti, ukipungua mti utaungua. Mara moja kwa mwezi bakuli hujazwa chumvi, hudondoshewa spiriti, huachwa kutwa nzima chumvi inywe uchungu wote. Halafu kiko hupumzishwa siku mbili au tatu, unyoya ukiwa bado mrijani unafyonza unyevu. Kiko kinachovutwa kila siku, alisema, huchoka na kuwa chungu kama mke anayejibu. Hilo nalo mama mkwe alinitafsiria, uso wake ukiwa mkavu.

Na kila kiko kilikuwa na tumbaku yake. Viko vya mzungu vilivuta tumbaku ya mkebe, ile tamu, iliyonukia kama keki. Cha tatu kilivuta ile ya kusokotwa kamba, inayopandishwa kutoka chini na kuuzwa sokoni. Cha nne, chenye ufa, kilivuta chochote, maana alikitumia kupulizia moshi nyuki alipokagua mizinga yake. Ole wangu nichanganye. Ukitaka kukihamisha kiko kutoka tumbaku moja hadi nyingine, ukikwangue, ukitie chumvi na spiriti, ukipumzishe wiki nzima, na bado harufu ya kwanza inaweza kukusaliti. Na kulikuwa na safari moja isiyowezekana kabisa.

"Mwambie kiko kikishavuta tumbaku ya chini hakirudi juu."

Alilisema hilo karibu kila Jumamosi, akinitazama mimi, si kiko. Akufukuzaye hakwambii toka. Nilielewa kabla mama mkwe hajafungua kinywa.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa, mvulana, akaitwa jina la mzee kama ipasavyo. Kwao na kwetu desturi ni moja: mvulana wa kwanza humrudisha babu mzaa baba, wa pili humrudisha babu mzaa mama. Mbuzi alichinjwa. Baba yangu alipanda kutoka chini kuja kumwona mjukuu, amevaa koti la kanisani, amebeba tumbaku kwenye jani la ndizi. Ilikuwa majani ya juu kabisa ya mmea, aliyoyaanika mwenyewe kwenye kibanda akayageuza kila asubuhi majuma mengi. Kwetu huwezi kumletea mkwe kitu kizuri zaidi ya hicho.

Baba mkwe aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Chai ikaletwa. Kisha, baba yangu akiwa ameketi mbele yake, aliviangalia viko vyake vyote, akanyosha mkono akachukua kile chenye ufa, cha nyuki, akakijaza ile tumbaku. Alivuta mara mbili, akakohoa makusudi, akakiweka chini. Baba yangu hakuwa mjinga. Aliona viko vitatu vilivyong'arishwa vimebaki kwenye kibao, akaona na ufa wa hiki. Akasifu chai.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nililia kwa hasira, nikamwambia nitafanya jambo siku moja. Akaniambia nisiwajibu watu wa nyumba ninamokula. Miezi saba baadaye alifariki, na mimi sijawahi kumsamehe baba mkwe yale mavuto mawili. Najua nimefundishwa kusamehe. Nimeshindwa.

Nilirudi kutoka mazishini na furushi la tumbaku yake, lile fungu la mwisho alilolianika. Nililiweka chini ya kitanda. Sikuwa na mpango wowote nalo.

Kisha ikaja miaka ile bidhaa za ng'ambo ziliadimika madukani. Mkebe wa mwisho ukaisha. Mzee akatuma watu mpaka Nairobi wakarudi mikono mitupu. Ile ya sokoni hakutaka kuivuta mbele ya wageni, na bila tumbaku akawa hakaliki naye nyumba moja: chakula kina chumvi, mlango umegongwa, kuku wamelia. Siku moja mama mkwe alinifuata jikoni, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwetu kuna tumbaku, na asali ipo kwenye mzinga, na yeye amechoka.

Nikalivuta lile furushi kutoka chini ya kitanda, tukaikata tumbaku nyembamba kama mboga za sukuma. Tukainyunyizia asali na maji ya maganda ya machungwa, tukaikunja kwenye kitambaa, tukaikandamiza chini ya jiwe la kusagia majuma matatu. Mimi nikakitayarisha kiko cheusi cha mzungu kama nilivyofundishwa. Nilikwangua, nikatia chumvi, nikatia spiriti, nikakipumzisha siku nane. Sijawahi kusafisha kiko kwa uangalifu namna hiyo. Mama mkwe akajaza mkebe wa zamani, akamwambia mumewe kwamba mwenye duka alikuwa ameuficha mmoja chini ya kaunta.

Mzee alivuta, akafumba macho. Jumapili iliyofuata mchungaji alikuja kunywa chai, kanisa likiwa limeshachoka kumsema habari ya moshi wake, na mzee akamnyoshea mkebe anuse.

"Hii," alimwambia, "haijaguswa na mkono wa Mwafrika."

Nilikuwa nimeshika birika. Nilimimina chai bila kumwaga hata tone, nikamtazama mama mkwe, naye akatazama dari.

Miezi minne alivuta hivyo. Ndani ya miezi hiyo nilijifungua mvulana wa pili, na hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza, kwa sababu mvulana huyu alikuwa baba yangu. Sikuwa na ndugu, wa kiume wala wa kike. Kama mtoto huyu hangeitwa jina lile, hakuna mwingine angeitwa. Baba angekuwa amekwisha kabisa, kama mtu ambaye hakulima wala kuzaa.

Mzee alikuwa katibu wa wazee wa kanisa kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, na yeye ndiye aliyeandika orodha ya watoto wa kubatizwa. Jumamosi ya kuamkia ubatizo tuliitwa sebuleni. Mume wangu, aliyekuwa akifundisha shule moja mjini Maua, alikuwa ameteremka na pikapu ya miraa, bado ana majani nywelani. Jina la Biblia hakuna aliyelipigania. Mzee aliliandika, akainua kalamu.

"Mwambie mama wa mtoto kwamba jina la pili litakuwa la ndugu yangu."

Nikasema, kupitia kwa mama mkwe, kwamba desturi haisemi hivyo. Nikasema baba yangu hana mwingine. Mzee alisikiliza tafsiri yote kwa subira, kama aliyekuwa mahakamani, kisha akatoa kauli yake ile ile.

"Mwambie kiko kikishavuta tumbaku ya chini hakirudi. Mtoto naye ni hivyo. Ukimpa jina la watu wa kule, atanuka kule mpaka afe."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa akitazama viatu vyake. Akasema labda tungoje kidogo, tulifikirie jambo hili mwezi ujao. Mwanamume huyu alikuwa na kipaji cha kungoja. Angeweza kungoja mto upite.

Basi nikaacha kumtazama mama mkwe. Nilimtazama mzee mwenyewe, usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikamwambia kwa Kiembu cha haraka, kile tunachokitumia kugombana kwetu kisimani:

"Tumbaku unayomsifia mchungaji ni ya baba yangu. Kiko cha mzungu wako kimevuta chini miezi minne, na pua yako haikukwambia kitu."

"Uongo," akasema mzee.

Alilisema papo hapo. Mkewe alikuwa hajafungua hata midomo.

Mzee aligundua alichofanya, nikaona mkono wake ukitafuta kiko na kukiacha. Lakini mimi sikuwa tena wa kutazamwa. Mama mkwe alikuwa ameinuka. Miaka sita mwanamke huyu alikuwa amesimama katikati yetu akibeba matusi ya mumewe kwa ulimi wake mwenyewe, ananitukana bila kunitukana, kwa sababu aliambiwa mzee hasikii.

"Kumbe unasikia," alimwambia.

Mzee akaanza kusema kwamba neno moja moja mtu hulidaka.

"Umenitwisha maneno yako miaka sita kama kuni, na kumbe una kichwa chako." Hakupaza sauti. "Wala si uongo. Mimi ndiye niliyejaza mkebe. Andika jina la mtu."

Mume wangu akasema tena kwamba labda tungoje. Mama yake akamwambia anyamaze.

Mzee akaandika. Aliandika polepole, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni bila kumwonyesha mtu. Mimi sikumshukuru. Nilikuwa nimedai kilicho changu.

Kesho yake kanisa lilijaa. Tulisimama mbele, mimi na mume wangu na mtoto, pamoja na wazazi wengine. Wazee wa kanisa waliketi kwenye benchi lao upande wa kulia, baba mkwe mwishoni, tai imefungwa vizuri. Mchungaji wetu alikuwa na desturi ya kuyasoma majina yote mawili kwa sauti kabla ya kumwagia mtoto maji. Alifika kwetu, akaifungua karatasi, akasoma.

Halikuwa jina la baba yangu. Lilikuwa karibu sana. Mzee alikuwa amebadilisha herufi moja, akaondoa ya Kiembu akaweka ya Kimeru, na kwa herufi hiyo moja baba yangu alikuwa amegeuzwa kuwa Mmeru ambaye hakuwahi kuishi popote. Asiyejua lugha hizi mbili hawezi kufanya jambo hilo. Lilihitaji fundi, na fundi alikuwa ameketi kwenye benchi, anatazama mbele, ametulia.

"Sivyo," nikasema.

Mchungaji akainua macho kutoka kwenye karatasi. Mwanamke hakatizi ibada pale mbele. Nikalitamka jina kama mama alivyokuwa akilitamka akimwita baba kutoka shambani. Mchungaji, Mmeru mtupu, akajaribu, ulimi ukamrudisha kwenye lile la karatasi. Nikamwambia sivyo. Akajaribu tena, akakosea tena, watu wakaanza kugeuka kwenye viti, na mume wangu akanigusa kiwiko niache. Niliona mtoto wangu atabatizwa kwa kosa kwa sababu watu wana haraka ya kwenda kula.

Ndipo jina likatamkwa nyuma yangu, kutoka upande wa wanawake. Mama mkwe alikuwa amesimama. Alilisema sawasawa, na herufi yake, na mvuto wake wa Kiembu mwishoni, maana miaka sita alikuwa amelisikia kutoka kinywani mwangu kabla ya kulipeleka kwa mumewe. Akalirudia mara ya pili, taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

Mchungaji alimtazama yeye, si karatasi. Akalisema kama alivyolisema yeye, akamwagia mwanangu maji.